Nilivyochukua sampuli za miamba ya Kilembe bila kupoteza mwelekeo wake

Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda iliko Kilembe, si volkano. Ni bonge la ukoko wa dunia lililoinuliwa kati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ndiyo maana mji wa Kasese uko kwenye mita 900 na ushei, na kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kiko umbali usiofika kilomita 40. Lakini mawe yenyewe, yaani naisi, shisti, amfiboliti na kwatsaiti, yalipikwa na kukunjwa chini ya ardhi takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Mlima ni mchanga, jiwe ni kongwe. Nilitaka kujua mawe hayo yalisukumwa upande gani na yalizama kiasi gani, na jibu la hilo haliko katika jiwe lililookotwa. Linahitaji jiwe ambalo unajua lilivyolala kabla ya kuling'oa.

Vibali kwanza. Utafiti unahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda (UNCST), na ndani ya hifadhi huruhusiwi kugonga jiwe bila ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori (UWA). Kijijini anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na umwonyeshe nyundo na mifuko yako mapema. Kilembe ni mahali pa mgodi wa shaba na kobalti, na mtu anayegonga mawe bila kujieleza atadhaniwa anatafuta madini.

Kazi yenyewe nilifanya kwenye bonde la mto Nyamwamba. Tatizo la kwanza hapo ni majabali. Mafuriko ya 2013 na 2020 yalishusha mawe makubwa, mengine ukubwa wa nyumba, na jabali la namna hiyo likishafukiwa nusu linaonekana kama mwamba uliochomoza mahali pake. Kipimo changu ni hiki: napima tabaka za madini, zile zinazolala kama kurasa za kitabu, kwenye sehemu nne au tano ndani ya mita 30. Zikikubaliana, naendelea. Moja ikienda kivyake bila mkunjo unaoonekana kuieleza, naiacha hata kama ina ganeti (fuwele nyekundu za kupimia joto maabara) nzuri kiasi gani. Halafu nasikiliza nyundo. Jiwe zima hulia kama chuma, jiwe lililooza hutoa mdundo mfu. Kwa mvua za huku kuoza kunaingia ndani sana, na ganeti iliyogeuka kutu haina kazi maabara.

Dira ilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Dira nyingi tunazopata zimesawazishwa kwa Ulaya au Marekani, ambako ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini, kwa hiyo kiwandani huwekwa kiuzito upande wa kusini. Kasese iko karibu kabisa na ikweta ya ramani, lakini iko kusini ya ikweta ya sumaku. Huku ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini, na kile kiuzito kinaiongezea mzigo. Sindano inagusa kioo, inakwama, na unasoma namba isiyo kweli bila kujua. Fungua dira, sogeza ule waya mdogo wa shaba uelekee ncha ya kaskazini, kidogo kidogo, mpaka sindano ilale sawa na izunguke bila kusugua. Kazi ya dakika kumi.

Miamba yenyewe pia huvuta sindano. Karibu na mishipa ya madini ya Kilembe kuna pirotaiti, madini ya chuma na salfa, na hiyo ni sumaku. Kabla ya kuamini kituo chochote napima mwelekeo kutoka A kwenda B, mita kumi hivi, kisha kutoka B kurudi A. Tofauti isipokuwa nyuzi 180, kituo hicho nakipima kwa jua au nakiacha. Nyundo iwe mbali nawe mita 2, na simu isiwe mfuko wa shati.

Jiwe nalitia alama likiwa bado limeshikana na mwamba. Nachagua uso bapa, nachora mstari wa mlalo wenye mshale ncha moja, na katikati kijistari kifupi kinachoelekea chini kwenye mwinamo, chenye namba ya nyuzi. Kanuni yangu imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari: ukitazama upande wa mshale, mwinamo uko kulia. Bila kanuni hiyo, 040 na 220 ni mstari uleule, na baada ya mwezi hukumbuki ulimaanisha ipi. Kalamu ya wino haishiki kwenye jiwe lenye unyevu. Nafuta kwa kitambaa kikavu, napaka wino mweupe wa kufutia makosa ya kuandika, unakauka, ndipo naandika juu yake. Picha, kisha utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka kipande kizima, kisha tindo na nyundo ya kilo 2, miwani usoni. Shisti isiyofungwa hutawanyika pigo la mwisho. Kipande cha sentimita 10 kwa 8 kwa 6 kina kilo 1.3 hivi, kwa hiyo sampuli ishirini ni mzigo kamili wa bodaboda.

Sasa ramani. Longitudo 30 Mashariki inapita karibu kabisa na Kilembe, na hapo ndipo kanda ya 35 ya UTM (mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita) inapokutana na ya 36. Ukipanda bonde unavuka mpaka, na namba ya mashariki inaruka kutoka karibu 166,000 hadi karibu 834,000. Namba za kanda ya 35 zikisomwa kama za 36, nilikuta vituo vyangu vitatu vimetua kilomita 668 mashariki, ndani ya Kenya, upande wa Ziwa Bogoria. Tangu hapo naandika digrii za desimali za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, tu. Ramani za zamani za karatasi zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, na ukichanganya mifumo hiyo miwili unakosea kama mita 300, inayotosha kukuvusha bonde zima.

Maabara ndipo kazi ya wiki mbili inapoweza kupotea kwa msumeno mmoja. Slaidi ya hadubini huwa na unene wa milimita 0.03, na ili kuona jiwe lilisukumwa upande gani lazima ikatwe kusimama juu ya tabaka na kufuata mistari ya mnyooko, yaani mistari ya madini yaliyovutwa jiwe liliposukumwa. Sampuli zangu mbili zilikatwa kukingama mistari hiyo. Mikia ya mika (madini ya vibapa vinavyong'aa) pembeni mwa ganeti ikaonekana sawa pande zote, kana kwamba hapakuwa na msukumo. Nilizikata upya kwa sababu nilibakiza nusu ya kila jiwe. Siku hizi nachora mstari wa msumeno mwenyewe na nachonga pembe moja ya kipande, maana slaidi iliyogeuzwa hugeuza pia upande wa msukumo. Shisti laini nailowesha gundi ya epoksi kwanza, isimomonyoke.

Kwa joto lililopika jiwe natumia ganeti na biotaiti (mika nyeusi) zinazogusana, jinsi zinavyogawana chuma na magnesiamu, kwa vipimo vya Ferry na Spear vya 1978. Jibu linabeba shaka ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Ukingo wa ganeti uliogeuka kloraiti, madini ya kijani, usiupime, utakupa joto la chini la uongo. Kama kuna madini ya kayanaiti, andalusaiti au silimanaiti, ni bahati kubwa: fomula yao ni moja, na mahali zote tatu hukutana ni karibu nyuzi 500 na mgandamizo wa kilobari 4, sawa na kina cha kilomita 15.

Ganeti haikuambii mlima uliinuka lini. Hilo ni swali la apataiti, madini ambayo hufuta alama za mpasuko wa atomi za urani ndani yake ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 110 hivi, na hupoteza heliamu juu ya nyuzi 70 hivi, kwa hiyo saa yake huanza kuhesabu jiwe linapopoa likipanda. Sampuli zake, kilo 5 au zaidi, nazichukua vituo vilevile kwenye mfuko tofauti. Hizo hazihitaji mshale, ila kimo lazima kiwe sahihi, na kimo cha GPS bondeni chini ya miti nakilinganisha na mistari ya kimo ya ramani kabla sijafunga mfuko.