Silikoni iliyogeuka mwisho wa wiki

Niliviacha Ijumaa vikipenda maji, nikavikuta Jumatatu vimeyakataa. Vilikuwa vipande vya silikoni, ile laini inayotengenezewa mipira ya mkojo ya wagonjwa. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamivu, na kazi niliyopewa ilikuwa kutafuta namna ya kuwanyima bakteria makao juu ya uso wake.

Silikoni kwa asili haielewani na maji. Tone likiangukia juu yake hukaa kama shanga, na pembe inayofanyika pale ukingo wa tone unapogusa mpira hufika nyuzi 110 hivi. Thomas Young aliieleza pembe hiyo mwaka 1805, na kuipima hakuhitaji makubwa: kamera iwekwe ubavuni, taa nyuma ya tone, bomba dogo la sindano, na mkono usiotetemeka.

Ili kuibadili tulitumia plazima, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Kipande kinawekwa ndani ya chumba cha kioo, pampu inanyonya hewa mpaka ibaki kidogo sana, umeme unapitishwa, na mle ndani panawaka rangi ya zambarau. Haichukui hata dakika. Chembe zenye chaji hung'oa vikundi vya methili, vile vya kaboni na hidrojeni vinavyokataa maji, vilivyo juu kabisa, oksijeni inashika nafasi zao, na silikoni inapata ngozi nyembamba inayokaribia kuwa kioo. Tone unaloliweka hapo halisimami, linatandazika lote hadi kamera inakosa cha kupima. Ijumaa ile nilikuwa nimeondoka na furaha hiyo.

Jumatatu shanga zilikuwa zimerudi. Hazikufika pale pa mwanzo, ila hakuna ambaye angesema huo ni uso uleule wa Ijumaa. Msimamizi wangu alishuku pampu inavuja. Mwenzangu wa meza ya jirani alisema ni vumbi. Fundi wa maabara, ambaye sote tulimwita Mzee, aliuliza swali moja tu.

"Ulivihifadhi wapi?"

"Kwenye visahani vya plastiki, Mzee, na vifuniko juu."

"Basi vimeshinda hewani. Tia vingine majini, kisha tuzungumze."

Tukatengeneza vipya. Baadhi vikabaki kwenye visahani vikavu, baadhi vikazamishwa kwenye maji yaliyokenekwa. Mzee akaongeza mawili ya kwake: vipande vichache tuvikunje kidogo baada ya plazima, na vingine tuviloweke kwanza kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kabla havijaingia kwenye mashine. Hiyo ya heksani ndiyo niliyoipenda. Silikoni ikinywa heksani huvimba kupita unavyotarajia, kisha ikikaushwa polepole hurudi ukubwa wake. Lakini ile heksani iliyobaki chupani, ilipovukika yote, iliacha mafuta mazito chini.

Hayo mafuta ndiyo yaliyokuwa jibu. Silikoni, hata iliyogandishwa vizuri, hubaki na minyororo mifupi ya polima ambayo haikufungwa kwenye wavu, nayo hutembea. Ikiwa nje kuna hewa, uso wenye oksijeni una nishati kubwa mno, kwa hiyo minyororo hiyo inapanda na kuufunika, na minyororo mirefu nayo inajigeuza kuficha oksijeni ndani. Ikiwa nje kuna maji, hakuna sababu ya kujificha. Vipande vya majini vilibaki vikipenda maji. Vilivyooshwa kwa heksani vilichelewa sana kugeuka. Vilivyokunjwa vilitangulia vyote, maana ile ngozi ya kioo haipindi, inapasuka, na nyufa zikawa njia.

Hapo pia nikawaelewa majirani wa chumba cha pili, waliokuwa wakitumia eksirei kuchunguza tabaka jembamba mno la juu la sampuli zao, nanomita kama 10 tu. Walikuwa wametupiga marufuku kuingia na glavu zetu, nasi tukawaona wana maringo. Kumbe mafuta yale husambaa kwenye vibanio, kwenye meza, kila mahali, na wao walikuwa wakikuta silikoni kwenye vitu ambavyo havijawahi kuwa na silikoni.

Tangu wakati huo, ripoti ikinitajia pembe ya nyuzi 10 bila kusema ilipimwa muda gani baada ya plazima, na kipande kilihifadhiwa wapi, siisomi hadi mwisho. Namba hiyo haina maana bila saa pembeni yake.

Nilimpelekea msimamizi grafu zangu nikiwa na pendekezo tayari: mipira ifungashwe ikiwa ndani ya maji. Alizitazama kwa muda, akakubali kwamba pampu haikuwa na kosa, kisha akauliza, "Na kwenye mkojo je?"

Mkojo una protini zinazong'ang'ania uso mara tu zinapoufikia. Una chumvi. Na akija bakteria aitwaye Proteus mirabilis, anavunja urea, mkojo unageuka kuwa wa alikali, fuwele zinajijenga ndani ya mpira mpaka unaziba, uwe unapenda maji au usiyapende. Mzee, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alicheka na kuniambia mkojo bandia hutengenezwa kwa urea, kreatinini na chumvi kadhaa, na kwamba mizani nzuri iko kabati la juu. Mchana huo nikaanza kupima urea.