Chumvi ya Mzee wa Getini

Agosti 1988 nilikuwa mwanafunzi Beijing, likizo, sina nauli ya kurudi Dar. Tarehe 19 ikatangazwa kwamba wakubwa wa Chama, waliokutana Beidaihe huko pwani, wamekubali mpango wa kuachia bei zipangwe na soko, si serikali. Habari ile mimi ilinipita. Mzee wa getini haikumpita. Alikwishatoa akiba yake benki.

"Kijana, baiskeli yako ina keria?"

"Ninayo, shifu." Shifu ni fundi, ndivyo tulivyowaita wazee wote pale.

Dukani foleni ilikuwa imekunja kona. Nikajisikia nyumbani, maana mimi ni mtoto wa foleni za sukari na sabuni: unajipanga kwanza, unauliza wanauza nini baadaye. Watu walitoka na feni, na viberiti kwa mafungu. Mmoja alibeba cherehani begani kama mgonjwa. Shifu alitaka chumvi tu. Njaa ya 1960 aliiona kwa macho yake, hakutaka kubishana na mtu.

Tukiwa tumesimama akanifundisha neno guandao: jamaa wa wakubwa wananunua chuma na mbolea kwa bei ya mpango wa serikali, wanauza kwa bei ya soko, tena bila hata kugusa mzigo. Nikamwambia kwetu huo ni ulanguzi, na mwaka 1983 walanguzi walikamatwa kwelikweli.

"Na wakubwa nao?"

Nikajifanya Kichina kimeniishia.

Tulipata kilo 20. Njiani mvua ikatukuta, ile ya Beijing isiyotoa hodi. Gunia la keria likaanza kulia: matone meupe yanateleza kwenye spoku, yanaacha mstari laini nyuma yetu. Shifu akavua shati, akafunika chumvi, akatembea kifua wazi hadi bwenini.

Tarehe 30 serikali ikarudi nyuma, mpango ukawekwa kando. Bei hazikurudi nazo. Mwaka ule zilipanda kwa karibu asilimia 19, na posho yangu ikabaki palepale.

Novemba, kabichi za baridi zilipomwagwa barabarani kama vichuguu, shifu alinunua zake, akazitia kwenye mtungi pamoja na chumvi yote iliyobaki. Akaniletea bakuli. Ilikuwa chungu, haimezeki. Alisimama mlangoni akinitazama mpaka nikaimaliza.