Kangomba na mguu wake

Saa 11 alfajiri. Siku zote mbwa wangu ndiye hunitangulia njia ya shambani Nanguruwe. Leo nimemkuta chini ya mwembe, mguu wa mbele kauinua, anaulamba. Anaitwa Kangomba, jina alilojitafutia mwenyewe: anachukua kidogo kidogo bila risiti, kama wale wanunuzi wa korosho wa kichochoroni.

Saa 12. Kwa tochi ya simu nimeuminya mguu taratibu kuanzia begani. Kimya. Nilipofika katikati ya vidole akalia. Ncha nyeusi ya mwiba, ndogo kama punje ya ufuta, na ngozi pembeni imevimba. Mama watoto akamfunga mdomo kwa kipande cha kanga, mie nikauvuta mwiba kwa kibanio chake cha nyusi. Kibanio kimetupwa, nadaiwa kingine. Nikaosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikafunga kitambaa bila kukaza.

Bibi kasimama mlangoni: "Mikono hiyo mara saba, moja kwa udongo." Nimeosha, nimehesabu kwa sauti asikie.

Saa 2. Shambani peke yangu, na ngedere walishajua. Wanang'ata bibo, korosho wanaitupa vichakani. Nimeokota huku narusha mawe; hadi adhuhuri hata gunia halijajaa.

Saa 7 mchana. Jirani kaja na diklofenaki: "Mpe nusu, goti langu mbona linapoa." Nikampigia kwanza bwana mifugo wa kata. Alikuwa mkali. Dawa hizo za watu humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Nikague vidole mara kwa mara: vikivimba au kuwa vya baridi, kitambaa kimebana. Asikimbie siku kadhaa. Asipokanyaga hadi kesho kutwa, au kidonda kikitoa usaha, nimpeleke. Akauliza na chanjo ya kichaa; kadi ipo kabatini, ya mwaka huu.

Saa 10. Nimerudi, kamba ipo, mbwa yupo, kitambaa hakipo. Kakitafuna. Safari hii nimemvalisha soksi kuukuu ya shule ya mwanangu juu ya kitambaa kipya. Kanitazama kama mtu aliyedhalilishwa.

Saa 1 usiku. Ugali na vichwa vya dagaa. Sufuria ilipotua chini aliifuata kwa miguu yote minne, mbio. Alipomaliza kulamba akageuka, akaniona namtazama, akauinua mguu tena.