Nilivyohamishia nusu ya karakana yetu Batam

Nilipokabidhiwa kazi ya kuhamisha sehemu ya karakana yetu kutoka Singapore kwenda kisiwa cha Batam, Indonesia, nilianza kuulizia umeme kabla ya mishahara. Tulikuwa tukiunganisha nyaya za mashine, kazi inayohitaji mikono mingi, na kodi ya pango ilikuwa imetuelemea. Hata hivyo nilikwisha kuona wenzetu waliofuata ardhi ya bei nafuu wakaishia kununua jenereta. Tukachagua kongani ya viwanda ya Batamindo, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ubia wa kampuni zenye mkono wa serikali ya Singapore na wafanyabiashara wa Indonesia, kwa kuwa ina mtambo wake wa umeme, mabweni ya wafanyakazi, na mabanda ambayo mpangaji huingia na mashine zake tu.

Ununuzi wa malighafi na upimaji wa mwisho tuliuacha Singapore, ukavuka ukataji na ufungaji. Umbali ni kama kilomita 20, lakini saa za Batam ziko nyuma kwa saa 1, na msimamizi wangu, ambaye hakurekebisha saa yake ya mkononi, alikaa bandarini saa nzima akiisubiri shehena ya kwanza.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Orodha ya shehena ilitaja masanduku 14, yakafika 15, kwa sababu usiku wa kufungasha niliongeza sanduku la vipuri nisiliandike. Mzigo wote ulizuiwa forodhani siku 4. Ofisi ya kongani ilinisaidia kuandika barua ya maelezo, lakini kusubiri nilisubiri kama mwingine yeyote.

Baadaye mkurugenzi alipotamani twende Suzhou, China, nilipinga. Kongani ya huko ilianzishwa mwaka 1994 kwa makubaliano ya serikali za Singapore na China, ila mji huohuo ulikuwa na kongani yake nyingine iliyogombea wawekezaji walewale, na mwaka 2001 upande wa Singapore ukapunguza hisa zake kutoka asilimia 65 hadi 35. Nilimwonyesha Binh Duong, Vietnam, ambako kongani ya namna hiyo ilianza mwaka 1996 ikiwa na mbia aliyekuwa kampuni ya serikali ya mkoa wenyewe, hivyo wenyeji hawakuwa na sababu ya kushindana nayo. Alikubali tuahirishe.

Batam sasa navuka mara moja kwa wiki. Orodha ya shehena naiandika masanduku yakiwa yamekwisha kupigiliwa misumari.