Trekta ya nyasi Raskazone: injini inaishiwa nguvu ikipata moto

Mashine ni trekta ndogo ya kukata nyasi, ile ya kukalia. Injini yake ni ya petroli, silinda moja, nguvu ya farasi 17.5, valvu zikiwa kwenye silinda hedi na shafti ikitazama chini. Deki ina visu viwili. Kazi yake ni kiwanja cha ukoka Raskazone, Tanga, mita chache kutoka baharini. Ikiwa baridi inawaka bila shida na kukata vizuri kwa takriban dakika 20, kisha mlio unashuka, na ikiingia kwenye nyasi nzito inataka kuzima. Ikipumzishwa hadi ipoe, nguvu inarudi yote.

Hiyo dalili ya mwisho ndiyo ya kushika. Injini iliyo dhaifu tangu inapowashwa ina orodha yake ya magonjwa. Inayochoka ikishapata moto ina orodha fupi zaidi: mafuta yanakatika njiani, koili inayotengeneza umeme wa cheche inakufa kwa joto, au valvu haifungi sawasawa chuma kikitanuka. Kama mlio wa injini haushuki ila trekta inatambaa, injini haina kosa. Tazama mkanda wa kuendeshea au gia.

Mafuta

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Injini ikianza kulegea, vuta choki nusu. Ikichangamka, inakosa petroli. Ikizidi kukaba na kutoa moshi mweusi, petroli inafika na ubaya uko kwingine. Hii ilizidi kukaba. Mfuniko wa tangi nao ulilegezwa papo hapo, kwa sababu kitundu chake cha hewa kikiziba, hewa haiingii tangini na petroli hukataa kushuka. Hakuna kilichobadilika.

Hata hivyo mpira wa petroli ulichomolewa kwenye kabureta, injini ikiwa imepoa, na mafuta yakakingwa kwenye chupa safi. Yalishuka mfululizo, na baada ya kutulia hapakuonekana maji chini ya chupa. Ukanda huu wa pwani una unyevu mwingi, na tangi linaloachwa nusu tupu kwa wiki kadhaa hukusanya maji. Maji yangeonekana, ingebidi kufungua bakuli la kabureta na kusafisha jeti.

Cheche

Plagi ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa. Mwanya ulirudishwa kwenye mm 0.76. Koili ipimwe ikiwa moto, maana ikiwa baridi hata koili mbovu hutoa cheche nzuri. Kifaa cha kuonyesha cheche kilifungwa kati ya waya na plagi, trekta ikaendeshwa hadi ilipolegea: cheche haikukatika. Koili imetoka kwenye orodha.

Mgandamizo

Geji ya kawaida ya mgandamizo inadanganya kwenye injini hizi. Kemshafti, mhimili unaofungua valvu, ina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili stata isielemewe, kwa hiyo usomaji huwa mdogo hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha kuaminika ni kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha kusikiliza. Flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye shafti, ishikwe imara, na klachi ya visu iwe imezimwa, kwa sababu hewa ikisukuma pistoni shafti huzunguka ghafla.

Hewa ikitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Ikitokea kwenye eksozi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikipumua kwenye mdomo wa oili, ni ringi, au gasketi ya silinda hedi imekatika upande wa fimbo za roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Hayo mawili huchanganywa mara nyingi, na watu hubadilisha ringi bure.

Hapa, injini ikiwa moto, eksozi ilifoka waziwazi. Ilipopoa ikafoka kidogo sana. Jibu limepatikana.

Chini ya kava la feni

Kabla ya kugusa valvu, kava la feni lilifunguliwa, na hapo ndipo chanzo kilipokaa. Mapezi ya kupoozea silinda yalikuwa yamezibwa na nyasi kavu zilizoshikana na mafuta, upande wa eksozi zaidi. Injini ya kupoozwa kwa hewa haina rejeta. Mapezi hayo ndiyo kila kitu chake. Yakizibwa, joto hubaki kwenye silinda hedi. Usafi ulifanywa kwa kijiti cha mbao, brashi na hewa. Maji ya nguvu hayafai hapa: hubandika tope ndani zaidi. Unga mweupe wa chumvi uliokuwa chini ya waya wa ethi ulikwanguliwa pia.

Valvu

Kipimo hufanywa injini ikiwa baridi, waya wa plagi umetolewa. Zungusha hadi pistoni iwe juu kwenye mpigo wa kugandamiza, kisha iendelee kushuka mm 6. Kijiti cha mshikaki ndani ya tundu la plagi kinatosha kupimia. Hizo mm 6 zisirukwe: zinakiondoa kile kifaa cha kemshafti kwenye valvu, bila hivyo vipimo vyote ni vya uongo.

Nafasi inayotakiwa kati ya roka na mkia wa valvu ni mm 0.08 hadi 0.13 valvu ya kuingiza, na mm 0.13 hadi 0.18 ya kutolea moshi. Ya kuingiza ilisoma 0.10. Ya kutolea moshi ilikataa hata fila, kile kibapa cha kupimia, ya 0.05.

Hiyo inaeleza kila kitu. Valvu na kiti chake vikilika, valvu huzama na mkia wake kusogelea roka. Joto likipanda, mkia hurefuka, nafasi inakwisha, na valvu inabaki wazi kidogo. Mgandamizo unapotea. Tena valvu hutoa joto lake kupitia kiti inapokigusa. Isipokigusa, inaungua upesi zaidi. Kuiacha hivyo ni kuipoteza.

Nati ya roka ilirekebishwa hadi 0.15, ikakazwa, ikapimwa upya baada ya kuzungusha injini, kwa kuwa kukaza husogeza kipimo. Gasketi ya kava la valvu ni mpya, na oili ni SAE 30, lita 1.4 pamoja na filta.

Majaribio

Trekta ilikata kiwanja kizima, jua la saa nane mchana, bila mlio kushuka. Kipimo cha hewa ikiwa moto kilitoa mfoko hafifu tu kwenye eksozi. Springi ya gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, haikuguswa; kuivuta ili kupata nguvu huua injini.

Kinachosubiriwa ni kupima nafasi ile tena baada ya saa 10 za kazi. Ikibaki 0.15, kazi imeisha. Ikiwa imepungua, kiti kinaendelea kuzama: silinda hedi itatolewa, valvu isagwe kwa pesti au ibadilishwe, na gasketi ya hedi iwe mpya, isirudishwe ya zamani.