Sehemu ya mgongo wangu imelala, haijaamka mpaka leo

Mi ni fundi simu Kariakoo, kazi yangu ni kuinama mezani kutwa nzima, kwaiyo mgongo ulipoanza kuuma mwaka juzi nikasema ah uchovu tu huu, nikanunua diklofenaki duka la dawa nikameza maisha yakaendelea. Kilichokuja kunishtua ni ganzi. Siku moja naoga asubuhi, maji yale ya kukata pumzi, upande wa kulia nayasikia vizuri, kushoto chini ya bega nasikia kama mvua inanyesha kwenye bati la jirani. Nikakunja mkono mpaka karibu uteguke nipaguse, ngozi ni yangu ila kama nagusa ya mtu mwingine. Na cha ajabu hapohapo pasiposikia kitu ndo usiku panawaka moto.

Nimepima jamani. Mkojo, figo, sukari, vitamini B12, eksirei, vyote sawa. MRI, ile picha ya ndani ya mwili, bima iligoma nikachangiwa na mashemeji, ule mtambo unagonga kama mafundi vyuma wa Gerezani na we umelala ndani hutakiwi kutikisika. Majibu yakaja kuwa diski, kile kimto laini kati ya pingili za mgongo, pale kati ya L4 na L5 imetuna kidogo, nikafurahi! Yani mtu anafurahi kuambiwa ana ugonjwa, ila nilijua sasa umepata jina. Dokta akanikata maini, akasema diski iliyotuna kidogo wanayo watu kibao wasioumwa chochote, na hata ingekuwa ndo yenyewe, pale ni kiunoni, ingesumbua mguu sio huku juu. Akanambia miguu ikiishiwa nguvu, au ganzi ikitokea makalioni na sehemu za siri, au mkojo ukigoma au ukatoka wenyewe, nikimbie hospitali usiku huohuo nisisubiri kukuche. Nje ya hapo tunaendelea kuangalia.

Basi ndo naishi na kitu hakina jina. Mtu akiuliza unaumwa nini nasema mgongo, ananijibu hata mi jana uliniuma. Mama mkwe anasema upepo mbaya, nimechuliwa kwa mafuta ya karafuu, nimepigwa chuku, raha yake siku mbili panarudi palepale.

Halafu kuna dawa ya usiku, amitriptilini. Nilipofika home nikaisoma Google naona imeandikwa ya sonona, nikajua tayari dokta kaniona chizi, nikaiweka droo wiki mbili sijagusa. Kurudi kliniki akacheka, akanieleza kwa dozi ndogo wanaitumia kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, hajaniona naigiza. Sa hivi nameza. Maumivu hayajaisha ila yamepunguza sauti, nalala, asubuhi tu mdomo mkavu kama nimelamba majivu.

Kinachoniuma kuliko mgongo wenyewe ni gari za Mbagala. Juzi nimepata siti kwa mbinde, akapanda bi mkubwa na kapu lake, konda akaniangalia mimi, "we kijana, mpishe mama." Gari zima likageuka. Ningekuwa nimefungwa plasta mguuni hakuna ambaye angesema kitu, ila mi nimechana nywele vizuri na begi la kazi, nianze kueleza habari za mishipa ya fahamu kwenye daladala? Nikasimama. Akanishukuru sana, baraka kibao, hana kosa yule mama. Kufika Kariakoo nikashindwa kuinamia hata skrubu moja, simu ya mteja ikalala na mteja akanitukana (na yeye namwelewa, niliahidi saa nne).

Kitu kimoja kimenipa nafuu na wala sio tiba. Binti yangu wa darasa la kwanza nilizoea kumwambia anikanyage mgongoni nikitoka kazini, sasa kagundua mchezo wake, nalala kifudifudi ananiandikia herufi kwa kidole, natakiwa kutaja. Kulia napata zote. Akifika kushoto nanyamaza, anauliza, "baba hapo vipi?" namwambia hapo pamelala, basi anapunguza sauti na anaendelea kuandika hivyohivyo. Jana kaandika jina lake zima kuanzia bega hadi bega, nimepata herufi tatu za mwisho.