DualShock 3 kwenye kompyuta: kwa nini bado ninaitumia, na inachodai

Pedi ya DualShock 3, yaani kidhibiti cha mkononi cha mashine ya michezo ya PlayStation 3 (PS3) ya Sony, ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 2007 na kufika kwingineko mwaka uliofuata. Sony walipoitoa PlayStation 3 mwaka 2006 waliiambatanisha na pedi iliyoitwa Sixaxis, ambayo haikuwa na mtetemo. Kampuni ilieleza kwamba mtetemo ungevuruga vipima-mwendo vya ndani, ingawa wakati huohuo ilikuwa na kesi ya hataza dhidi ya kampuni ya Immersion, kesi iliyomalizwa Machi 2007, miezi michache tu kabla ya mtetemo kurejea. Utengenezaji wa PS3 ulikoma Japani mwaka 2017, lakini pedi zilizokwisha kutengenezwa zimebaki kwenye makabati ya watu wengi, na nyingi kati yake bado ni nzima.

Anayetaka tu kitu cha kuchezea gemu za leo kwenye kompyuta hana sababu ya kuhangaika nayo, kwa kuwa pedi mpya zaidi huunganishwa na kufanya kazi papo hapo. Mimi nimebaki nayo kwa sababu moja ambayo warithi wake hawanayo: vitufe 12 vya DualShock 3, yaani vinne vya maumbo, vinne vya mwelekeo, pamoja na L1, R1, L2 na R2, hupima nguvu ya kidole kwa viwango vya kuanzia 0 hadi 255. DualShock 2, pedi ya PlayStation 2, ilikuwa na uwezo huohuo, na gemu kadhaa za PlayStation 2 zilitungwa kwa kuutegemea. Katika Metal Gear Solid 2, mchezaji anayeshikilia kitufe cha mraba na kukiachia polepole huishusha bastola bila kufyatua risasi, ilhali anayekiachia ghafla hufyatua. DualShock 4, pedi ya PlayStation 4, ilipotoka mwaka 2013, vitufe vya maumbo vilirudi kuwa vya kuwasha na kuzima tu. Kwa hiyo mtu anayecheza gemu hizo kupitia PCSX2, programu inayoiga PlayStation 2 kwenye kompyuta, akitumia pedi ya kisasa, hulazimika kutafuta njia za mzunguko ili kufanya jambo ambalo kidole kingelifanya chenyewe.

Ugumu wa pedi hii hauko kwenye plagi. Ina tundu la USB la aina ya mini, na kebo yake hata leo si adimu sana. Ugumu uko kwenye mazungumzo kati yake na kompyuta. Pedi nyingi zikichomekwa huanza mara moja kutuma taarifa za vitufe, lakini DualShock 3 husimama mlangoni kimya ikisubiri kuambiwa karibu: mpaka kompyuta iitumie amri maalumu ya kuiamsha, taa zake nne nyekundu huendelea kumemeteka na hakuna kitufe kinachojibu. Windows huitambua kuwa kifaa cha michezo, tena huiorodhesha vizuri, ila haijui amri hiyo. Ndiyo maana watu wengi huihesabu kuwa imeharibika ilhali haina kasoro yoyote.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na viendeshi vya kujitolea, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, na ubora wake ulitofautiana mno. Baadhi vilichukua nafasi ya kiendeshi cha Bluetooth cha kompyuta nzima, kiasi kwamba spika na kipanya visivyo na waya viliacha kufanya kazi. Maelekezo ya enzi hizo bado yanazagaa mtandaoni, na ningemshauri mtu yeyote ayapite bila kugeuka nyuma, hasa yanayomtaka azime ukaguzi wa saini za viendeshi, yaani uthibitisho wa aliyevitengeneza, katika Windows. Kwa Windows 10 na kuendelea, kiendeshi ninachokiona kuwa cha busara ni DsHidMini, ambacho kina saini halali, hakigusi vifaa vingine, na kinaweza kuitambulisha pedi kwa sura tofauti kulingana na mahitaji.

Sura hizo zinahitaji kueleweka, kwa kuwa hapo ndipo watu hupoteza kile walichokifuata. Gemu nyingi za Windows hutumia XInput, utaratibu ulioletwa na Microsoft wakati wa Xbox 360 mwaka 2005. Pedi ikijitambulisha kwa XInput itakubaliwa na karibu kila gemu bila maelezo zaidi, isipokuwa kwamba skrini itaonyesha A, B, X na Y badala ya maumbo, jambo ambalo vidole hulizoea upesi. Lakini XInput ina nafasi ya kupima nguvu kwa vifyatuo viwili tu, yaani L2 na R2. Vitufe vingine vyote hupokelewa kuwa vimebonyezwa au havikubonyezwa. Anayetaka vipimo vya vitufe vyote 12 ni lazima achague sura nyingine katika mipangilio ya DsHidMini, kisha avipangie vitufe upya ndani ya PCSX2.

Kuiunganisha bila waya ni habari nyingine. DualShock 3 haitafutwi kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth kama simu. Ni lazima kwanza ichomekwe kwa kebo ili anwani ya Bluetooth ya kompyuta iandikwe ndani yake, na tangu hapo kitufe cha PS kikibonyezwa pedi huita anwani hiyo peke yake. Katika Windows kazi hii huhitaji kiendeshi cha pili, BthPS3. Linux huifanya yenyewe kebo inapochomekwa, kwa kuwa kiini chake kina moduli ya hid-sony, yaani kiendeshi cha pedi za Sony, na mfumo wake wa Bluetooth, BlueZ, una sehemu maalumu kwa ajili ya pedi hizi. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 BlueZ ilizibwa pengo la kiusalama lililosajiliwa kama CVE-2023-45866, ikaanza kukataa vifaa visivyokamilisha makubaliano ya usalama, na pedi hii, ambayo haikuundwa kuyakamilisha, ikawa imefungiwa nje katika matoleo ya wakati huo. Inawezekana kulilegeza sharti hilo kwa kuandika ClassicBondedOnly=false katika faili ya input.conf, lakini hiyo ni kufungua tena mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Mimi natumia kebo.

Nakala bandia ni nyingi, na baadhi hujitangaza kwa namba zilezile za utambulisho za Sony, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuzitofautisha kwa namba pekee. Waandishi wa hid-sony walilazimika kuweka kanuni ya pekee kwa pedi zinazojiita SHANWAN, ambazo hutetemeka bila kukoma zikipewa amri za kawaida. Nyingine hazipimi nguvu ya kidole hata kidogo, na kwa matumizi yangu hizo hazina maana.

Pedi halisi nayo huzeeka. Chini ya vitufe kuna utando mwembamba unaopitisha umeme, unaokandamizwa dhidi ya bodi na kipande cha sponji. Sponji ikishalala, vitufe huanza kujibonyeza vyenyewe, na kiendeshi hulaumiwa bure. Tiba ni kufungua skrubu tano za nyuma na kuweka sponji mpya au karatasi iliyokunjwa mahali pa ile ya zamani. Betri hushikiliwa kwa plagi ndogo, hivyo hubadilishwa bila kuchomelea. Wakati wa kuchaji, ichomekwe kwenye kompyuta iliyowashwa na si kwenye chaja ya simu, kwa kuwa pedi hii kwa kawaida haikubali umeme wa chaja isiyozungumza nayo.